Oktoba 12 tunaijua sote. Mwenda wa Bayeke je, siku yake ni ipi hapa Lubumbashi?

#1 Mbeba Gita (Katuba)
Yambo wote.

Jumapili ilikuwa Oktoba 12, 2025. Nilitoka nyumbani Katuba saa tisa mchana, nikapitia mtaa wetu wa Kenya, nikaenda kwa mguu hadi Kamalondo, na kila baa niliyoipita ilikuwa inapiga Franco wa OK Jazz. Miaka 36 tangu afe. Hakuna aliyetangaza wala aliyepanga, watu wanajua tu. Kijana mmoja muuza mitumba, mdogo kuliko kifungua mimba wangu, alikuwa anamfuata Franco neno kwa neno katika wimbo wake Mario huku anakunja mashati.

Sina ugomvi na Franco. Siku habari ya kifo chake ilipofika kwetu, mama aliacha bukari (ugali) ikaungua jikoni na hakuna aliyemlaumu. Ila mwezi uliopita, Septemba, ilitimia miaka 35 tangu Mwenda wa Bayeke afariki kwa ajali ya gari kule Zambia. Jean-Bosco Mwenda, mtu wetu, aliyeimba Kiswahili hiki hiki tunachopatania bei sokoni. Nilitembea njia ile ile. Gita yake sikuisikia hata mlango mmoja. Nikauliza vijana watatu kwenye kituo cha taksi: wawili hawakumjua, wa tatu alidhani ni beki wa zamani wa Mazembe.

Vidole vya mtu huyu viliigwa Nairobi na Kampala, na mwaka 1969 akapanda jukwaa la Newport kule Marekani. Nielezeni, juu ya nini hana siku? Na kama kuna aliyemwona akipiga, kwa macho yake, aandike hapa. Wenye kumbukumbu wanapungua.

#2 Kijana wa Ruashi
Mkubwa, huenda mimi ni mmoja wa wale watatu. Nimezaliwa 1999. Jina nilisikia kwa babu, nikadhani ni mtu wa kanisa kwa sababu ya hilo Jean-Bosco. Nipe wimbo mmoja wa kuanzia.

#3 Mbeba Gita
Anza na Masanga. Dakika tatu tu, upande mmoja wa santuri ya zamani. Sikiliza mara ya kwanza kwa kawaida, mara ya pili fuata kidole gumba peke yake. Halafu rudi hapa utuambie ulisikia gita ngapi.

#4 Fundi Redio
Mimi nasema ni studio. Nimetengeneza redio miaka 30 na kitu hapa mjini. Kila redio ya mbao iliyoletwa mezani kwangu, mshale ulikuwa umeganda pale pale, Kinshasa. Watu walikuwa hawaugusi kabisa.

Ngoma, Opika, Loningisa, zote zilikuwa Léopoldville, yaani Kinshasa. Wafanyabiashara wageni, wengi Wagiriki, waliweka mashine, wakaweka magita na saksafoni, wakalipa vijana waje kila siku. Franco aliingia Loningisa mwaka 1953 akiwa na miaka 15. Huku kwetu Hugh Tracey alikuja toka kusini mwaka 1952 na mashine yake ndani ya gari, akamrekodi Mwenda, akaenda zake. Kinshasa studio ilikaa. Kwetu studio ilipita.

#5 Kamalondo 70
Fundi umesema kweli. Na rekodi yenyewe ilifanyika hapa hapa Élisabethville, yaani Lubumbashi, baba alikuwa anatuonyesha na nyumba.

#6 Mwana Likasi
Hapana, Kamalondo! Ilifanyika Jadotville, yaani Likasi. Tracey alimkuta kule akipiga gita barabarani. Na Mwenda alizaliwa Bunkeya, 1930, kwenye kiti cha Msiri, mfalme wa Bayeke, ndiyo maana anaitwa wa Bayeke. Nyinyi watu wa Lubumbashi Wantanshi mkiona kitu kizuri mnakivuta kiwe chenu. Kesho mtasema na mto Lufira unaanzia Kamalondo.

#7 Kamalondo 70
Nimekubali, Likasi. Baba alituonyesha nyumba ya mtu mwingine basi, Mungu amsamehe. Ila Lubumbashi mwacheni Mwenda awe wetu kidogo, nasi tulimcheza.

#8 Mwalimu wa Katuba
Mnatafuta mbali. Fungueni kalenda ya mwaka ule.

Mei 1990, wanafunzi wanauawa usiku kwenye kampasi ya chuo kikuu chetu. Nilikuwa mwanafunzi pale. Kwa miezi mingi baada ya hapo watu walinong'ona hata ndani ya nyumba zao. Halafu Septemba, mwezi ule ule Mwenda anafariki, mgodi wa Kamoto kule Kolwezi unaporomoka. Waliokulia kambi za Gécamines wanajua Kamoto ilikuwa nini. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufika 1994 haikufikisha hata 40,000. Mwaka 1991, uporaji. 1992 na 1993, majirani zetu wenye asili ya Kasai wanafukuzwa, wanalala kwenye stesheni ya treni wiki nyingi na watoto na magodoro.

Mtu akifa katikati ya hayo, nani ana machozi ya ziada? Franco alikufa Oktoba 1989, na serikali ilikuwa bado na pumzi ya kutangaza siku nne za maombolezo. Tofauti yao ni miezi kumi na mmoja. Miezi hiyo kumi na mmoja kwetu ni kama miaka ishirini.

#9 Mwana Likasi
Mwalimu, kuhusu stesheni. Ya Likasi ilikuwa karibu na kwetu. Mama alikuwa anatutuma na madumu ya maji usiku ili majirani wasituone. Kulikuwa na baba mmoja pale, fundi wa umeme, alikuwa na gita lakini ameikatia nyuzi zote, amezifunga pamoja na kamba ya godoro. Nilimuuliza kwa nini amekata. Alisema gita yenye nyuzi ikipakiwa kwenye behewa shingo inavunjika. Nilikuwa na miaka tisa. Mpaka leo nikiona gita isiyo na nyuzi napita upande wa pili.

#10 Mbeba Gita
Aksanti Mwana Likasi. Hiyo itabaki hapa.

#11 Fundi Redio
Pole ndugu yangu.

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hesabu yako ina shimo. Édouard Masengo, ndugu yake Mwenda, alifariki 2003. Mwaka huo hapakuwa na Kamoto wala uporaji. Siku ya Masengo iko wapi? Na Losta Abelo, mpiga gita mwenzao? Kama ni msiba wa 1990 ndio uliomfunika Mwenda, hawa wengine wamefunikwa na nini?

#12 Mwalimu wa Katuba
Walifunikwa na njaa, Fundi. 2003 mshahara wa Gécamines ulikuwa hadithi. Lakini nimekusikia.

#13 Kijana wa Ruashi
Nimerudi. Nimesikia gita mbili na mtu anayeimba. Mkubwa, nani alikuwa anapiga ile ya pili?

#14 Mbeba Gita
Hakuna ya pili! Ni mtu mmoja. Kidole gumba na cha shahada, basi. Karibu kwenye ukoo.

#15 Yaya Feza
Nimesoma yote na naona wanaume mnaongea peke yenu, kwa hiyo nami niseme.

Mwenda kwetu alikuwa muziki wa nyumbani. Baba akitoka zamu ya usiku alikuwa anaoga, anakaa kwenye kiti cha nyuma ya nyumba na gita, na sisi tunachambua lengalenga. Hakuna aliyecheza. Ilikuwa sauti ya baba amerudi salama toka kiwandani. Franco alikuwa muziki wa kutoka: unavaa, unasuka, unaomba ruhusa, unadanganya kidogo. Sasa niambieni, mtu anakumbuka tarehe ya kitu gani? Ya siku aliyotoka. Siku za nyumbani hazina tarehe.

Mimi mwenyewe mfano. Nina miaka 17, orchestra kubwa toka Kinshasa inakuja, jina nitaliacha kwa sababu ya nitakayosema. Tulinunua tiketi wiki mbili mbele. Tangazo lilisema saa nane mchana. Tulifika saa saba, mimi na binamu zangu wawili, na gauni la kitenge nililoshonewa kwa madeni. Saa nane hakuna mtu jukwaani. Saa kumi na mbili, maikrofoni mbili. Saa tatu usiku mvua, ile ya kwetu ya Novemba isiyouliza. Gauni lilitoa rangi, miguu yote ikawa ya bluu hadi kwenye viatu. Saa sita na nusu wakaja. Wakapiga nyimbo mbili na nusu. Katikati ya wimbo wa tatu, jenereta ikafa.

Giza tupu. Wapiga gita hawakuacha. Ungeona mikono inaenda kwa mwanga wa sigara za watu wa mbele, lakini gita za umeme bila umeme hazina sauti. Ngoma tu ndiyo iliyobaki. Basi tukaimba sisi. Uwanja mzima, Lingala ambayo nusu yetu hatukuijua maana yake, tuliimba mpaka ubeti wa mwisho, na mpiga ngoma akatufuata. Walipomaliza wakashuka, na fedha hazikurudishwa.

Ni onyesho baya kuliko yote niliyoona. Tarehe yake naijua mpaka leo. Siku baba aliyokufa pia naijua. Lakini siku ya mwisho aliyopiga gita nyuma ya nyumba, hiyo siijui, na hakuna ndugu yangu anayeijua.

#16 Chupa na Kijiko
Yaya Feza, nimesoma mara mbili.

#17 Kamalondo 70
Yaya, mimi nilikuwa kwenye mvua hiyo! Au mvua nyingine iliyofanana nayo, maana jenereta zilikufa nyingi. Gauni la bluu sikuliona.

#18 Dada wa Kariakoo (Dar es Salaam)
Habari zenu huko. Nawasoma toka Dar, naomba niingie ingawa "juu ya nini" yenu inanichanganya kila mara, huku kwetu juu ni juu.

Msidhani kusahau ni kwenu tu. Sisi tulipewa na Kongo nusu ya muziki wetu wa dansi. Bendi ya Maquis walitoka huko kwenu Katanga. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, akaja kwetu 1978 kupiga na Orchestra Makassy, akawa Mtanzania kuliko Watanzania, akafariki Dar Desemba 13, 2010. Desemba ikifika redio moja au mbili zinampiga asubuhi, mchana wameshahamia kwingine. Nadhani mtu aliyevuka mpaka anasahauliwa pande zote mbili. Huku tunasema alikuwa wa kwao, kwao wanasema alikuwa wa kwetu.

#19 Mpita Njia (Nairobi)
Dada amegusa penyewe. Mwenda na Masengo walikuwa wa Nairobi kabla baadhi ya Wanairobi hawajazaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda aliletwa huku kutangaza dawa ya Aspro kwa gita yake. Masengo alitangaza Coca-Cola. Wazee wangu magharibi ya Kenya walijifunza vidole kwa santuri za Mwenda, kila mtu akageuza kwa lugha yake. George Mukabi akatoka na omutibo yake, John Mwale na mtindo wake.

Kwa hiyo mkiuliza kwa nini Lubumbashi haimkumbuki, jibu langu ni kwamba kumbukumbu ilihamia huku ikabadilisha jina. Shangazi yangu anampigia makofi Mukabi bila kujua anampigia makofi na Mwenda.

#20 Mwana Likasi
Mpita Njia, basi mturudishie na riba.

#21 Mtoto wa Kambi
Nyote mnazunguka siasa. Julai 11, 1960 Katanga ilijitenga, mpaka Januari 1963. Kabasele na African Jazz waliimbia uhuru kwa Indépendance Cha Cha, Kongo nzima ikaupokea wimbo ule, na sisi muda mfupi baadaye tukawa nchi nyingine. Baada ya hapo chochote chenye harufu ya Katanga kilitazamwa kwa jicho la pembeni. Mwanamuziki wa Kiswahili angeanzia wapi kuwa wa taifa?

#22 Mwalimu wa Katuba
Kuna ukweli, lakini polepole. Mwenda hakuwa mwanasiasa, na waliomsahau si Kinshasa. Mbeba Gita alitembea Katuba, Kenya na Kamalondo. Kinshasa haikumzuia mtu wa Kamalondo kuweka santuri.

#23 Mtoto wa Kambi
Mwalimu, mtu akikatazwa muda mrefu anajikataza mwenyewe. Naishia hapo, sitaki kuleta vita kwenye uzi wa watu.

#24 Majiwe ya Goma
Salamu toka Goma. Naleta upande wa onyesho, kwa kuwa Mbeba Gita aliuliza habari ya kuona kwa macho.

Februari 2014, tamasha la Amani la kwanza kabisa, Collège Mwanga. Lilikuwa lifanyike 2013 likaahirishwa kwa ajili ya vita. Miezi michache kabla ya hapo tulikuwa bado tunasikia mizinga upande wa Kibati. Nakumbuka kitu kimoja kuliko muziki wenyewe: vumbi. Goma ardhi yetu ni lava ya Nyiragongo, wakiruka watu elfu kadhaa kwa pamoja inapanda vumbi jeusi. Tulitoka pale meno meupe, uso wote mweusi, tunacheka. Mama yangu alifungua mlango akapiga kelele, akadhani tumekimbia tena kama 2002, mlima ulipotoka.

Tangu Januari mwaka huu, waasi wa M23 walipouchukua mji, mambo yetu mnayajua. Sitaandika zaidi. Ila tarehe ile, Februari 14, vijana wa mtaani kwangu wanaijua wote, na si kwa ajili ya wapendanao.

#25 Yaya Feza
Majiwe, tunawaombea. Mama yako msalimie sana.

#26 Kijana wa Ruashi
Na huko Goma ndiko alikotoka Innoss'B, tusisahau. Huyo anaimba Kiswahili na dunia inamsikia. Na Papa Wemba naye mwakani atatimiza miaka 11 tangu aanguke jukwaani Abidjan.

#27 Dada wa Kariakoo
Miaka 10, mdogo wangu. Ilikuwa Aprili 24, 2016, alfajiri ya Jumapili, tamasha la FEMUA. Nilikuwa macho, matangazo yalikuwa ya moja kwa moja. Wachezaji wake waliendelea kucheza sekunde kadhaa kwa sababu yeye alikuwa nyuma yao. Sekunde hizo siwezi kuzitazama tena.

#28 Kamalondo 70
Kama ni maadhimisho, hakuna kama tamasha la Zaire 74. Baba yangu alisafiri hadi Kinshasa, akaona James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Celia Cruz, na usiku ule ule akamwona Ali anamwangusha Foreman. Kila Oktoba anatusimulia.

#29 Fundi Redio
Kamalondo, leo si siku yako. Muziki ulikuwa Septemba 22 hadi 24, 1974. Pigano lilitakiwa lifuate Septemba 25, lakini Foreman alipasuka juu ya jicho mazoezini, likasogezwa hadi Oktoba 30. Wanamuziki wa nje walikuwa wameshaondoka. Usiku mmoja haiwezekani, labda baba alikaa Kinshasa wiki tano.

#30 Kamalondo 70
Nimempigia simu. Kimya kirefu. Halafu amesema aliona Ali, muziki aliusikia kwa redio hapa nyumbani kabla ya kusafiri. Ameniomba nisiwaambie wajukuu. Ana miaka 79. Sitawaambia.

#31 Mpita Njia
Hapo ndipo penyewe. Mzee ameunganisha siku mbili nzuri zikawa moja. Mwenda hana hata siku moja ya kuunganisha.

#32 Fundi Redio
Nami nina ya kuunganisha, na hizi ni kweli tupu. Franco alizaliwa Julai 6, 1938. Julai 6, 1957, siku Franco anatimiza miaka 19, John Lennon anapiga kwenye sherehe ya kanisa kule Liverpool na ndipo anapokutana na Paul McCartney. Gita aliyoshika Lennon siku ile ilikuwa Gallotone Champion, iliyotengenezwa Afrika Kusini. Gallotone! Jina lile lile lililo kwenye kibandiko cha santuri za Mwenda. Kampuni moja ya Gallo iliuza gita kwa mtoto wa Liverpool na kuuza vidole vya mtoto wa Bunkeya.

Gita ya Lennon iliuzwa mnadani London 1999 kwa zaidi ya pauni 150,000. Gita ya Mwenda iko wapi leo? Nauliza kwa moyo wangu wote, kuna anayejua?

#33 Kijana wa Ruashi
Lo!

#34 Mbeba Gita
Fundi, umenichoma. Naongeza kingine kinachonichoma. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alikuja hapa Shaba, ndiyo Katanga hii, na gita yake kutafuta walimu: Mwenda, Masengo, Losta Abelo. Alikaa nao, akajifunza, akaandika kila kidole kinapokaa. Leo nikitaka kuhakikisha sehemu fulani ya Masanga, nategemea kazi ya Mwingereza. Simlaumu, namshukuru. Lakini mimi 1979 nilikuwa na miaka 14, naishi mji ule ule, na nilikuwa najifunza nyimbo za Kinshasa kwa gita ya kuazima. Hakuna aliyenizuia kwenda kugonga mlango wa Mwenda. Sikwenda.

#35 Chupa na Kijiko
Mkubwa, usijibebeshe peke yako. Niseme langu, labda litasaidia.

Nadhani Mwenda hana siku kwa sababu hana orchestra. OK Jazz ilianza Juni 1956, ikapitiwa na wanamuziki wengi sana. Kila mmoja ana mke, watoto, hadithi, na wote wanaishi kwa jina la Franco. Ikifika Oktoba 12 kuna watu mia wenye sababu ya kuamka. Mwenda alikuwa mtu mmoja, gita moja, na pembeni yake mtu wa chupa.

Mtu wa chupa ndiye marehemu mjomba wangu, si wa Mwenda, wa wapiga gita wa kambi yetu. Wengi mnadhani ni kugonga tu. Unashika chupa ya Fanta tupu kwa mkono wa kushoto, vidole vitatu, usiibane, ukiibana inakufa sauti. Kijiko mkono wa kulia, unagonga kwa mgongo wake, karibu na shingo ya chupa kupata sauti nyembamba, kwenye tumbo kupata nene. Mjomba alikuwa anaweka maji kidogo ndani, kama kidole kimoja, ili chupa ikubaliane na gita. Akikosea anakunywa tone moja, anajaribu tena. Kwenye harusi ndefu alfajiri chupa ilikuwa imekauka, na yeye amekunywa maji yake yote ya kazi. Gita na chupa tu, na watu walicheza mpaka jua linatoka. Hakuna jenereta ya kufa pale.

#36 Yaya Feza
Chupa! Nilikuwa nimeisahau hiyo sauti kabisa. Nimeisikia nilipokuwa nasoma.

#37 Mzee wa Kampemba
Wanangu, nimesomewa uzi huu na mjukuu, yeye ndiye anayeandika. Mmeomba aliyemwona. Nilimwona Mwenda, nilikuwa kijana, kwenye ua wa nyumba, sherehe ya ndoa. Amevaa suti ya rangi ya majivu, amekaa kwenye kiti cha kawaida cha mbao. Kwenye shingo ya gita penseli imefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, ya kubana nyuzi. Hakutazama vidole vyake hata mara moja, alikuwa anatazama watoto waliokaa chini.

#38 Mwana Likasi
Shikamoo mzee, aksanti sana. Samahani nikuulize kwa heshima, ni Mwenda kweli au Masengo? Wengi walikuwa wanawachanganya.

#39 Mzee wa Kampemba
Mjukuu anasema babu amekaa kimya. Anasema: niliambiwa ni Mwenda. Penseli niliiona mwenyewe.

#40 Mwalimu wa Katuba
Inatosha mzee. Penseli inatosha.

#41 Mtoto wa Kambi
Desemba 14, 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo kwenye orodha yake. Tulisherehekea wote. Je, gita ya Katanga imo ndani ya hiyo rumba au imebaki nje mlangoni? Mimi nasema nje.

#42 Fundi Redio
Mimi nasema imo. Rumba ni mto, haina mlango.

#43 Mtoto wa Kambi
Mto nao una kingo, Fundi.

#44 Mwana Likasi
Mkimaliza hilo sikilizeni pendekezo. Bayeke wana siku tayari. Kila Desemba 20 Bunkeya inamkumbuka Msiri, aliyeuawa tarehe hiyo 1891. Ngoma, machifu, watu toka kila upande. Kwa nini Mwenda asipewe saa moja jioni ile? Si lazima tubuni siku mpya, tuombe nafasi kwenye siku iliyopo.

#45 Mbeba Gita
Sipingi Bunkeya. Ila naogopa akiwekwa pale atakuwa wa Bayeke peke yao, na aliimbia kila mtu aliyetoka kazini amechoka. Nilitaka Septemba, hapa mjini, baa kwa baa.

#46 Mwana Likasi
Basi wewe fanya Septemba, mimi nafanya Desemba, tuone nani ataachwa.

#47 Dada wa Kariakoo
Au Masanga yenyewe, 2027 itatimiza miaka 75.

#48 Yaya Feza
2027 ni mbali, mzee wa Kampemba hawezi kusubiri ubishi wetu. Kwangu kuna ua, kuna viti, Jumapili hii saa kumi. Mbeba Gita, Masanga unaiweza mpaka mwisho?

#49 Mbeba Gita
Naiweza mpaka katikati vizuri. Nilifundishwa kwa mkao wa Do, kuna sehemu kidole gumba kinashuka wakati cha shahada kinapanda, pale ndipo ninapoangukia kila mara. Kuanzia leo usiku nafanya mazoezi. Kijana wa Ruashi, njoo mapema nikuonyeshe gumba. Mzee wa Kampemba tutamfuata na gari.

#50 Kijana wa Ruashi
Nitakuja saa nane. Nitakuja na penseli.

#51 Chupa na Kijiko
Nami nakuja. Ila jamani nimezunguka maduka matatu leo, Fanta zote ni za plastiki. Nani ana chupa ya kioo nyumbani? Ya bia ya Simba ni nene mno, ile ya soda ya zamani yenye kiuno. Hata kama ina ufa juu, leteni.